Ndama wa Arobaini

Tunduru,
Jumapili, 4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Na nyingine umpelekee Mama jikoni, maana najua hukai naye sebuleni.

Mimi sijambo. Huku mvua imekatika, vumbi limeanza, na mnara wa simu uliopigwa radi mwezi wa tatu bado umekufa. Nikitaka mtandao napanda pikipiki mpaka mjini, na hilo naliweza mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo umeshinda, Baba. Siku zote ulisema simu inakupigia kelele sikioni na kwamba mtu mzima huandika barua. Haya, naandika. Nitampa kondakta wa basi, na Julius, yule anayewabebea maziwa, ataipokea stendi ya Moshi akishayashusha.

Mwanao Calvin nilimsikia mara ya mwisho yuko na lori lake mpakani Kasumbalesa, foleni ya malori haisogei. Anawasalimu. Uhamisho wangu bado uko mezani kwa mtu fulani ambaye naona hana haraka na maisha. Na likizo ya Juni sitakuja, Baba. Kidato cha nne wanabaki kambini, na mimi ndiye mwalimu wao wa hesabu. Nimelia, nimenyamaza, basi.

Wanangu wanaendeleaje huko? Aika bado anang'ata kucha? Denis je, ameshakurudishia kofia yako au bado analala nayo?

Sasa kuna jambo. Juzi nikiwa mjini nilipata ujumbe wa Justina, yule muuguzi wa zahanati yenu. Anasema homa ya mafua imeingia huko kwenu Mamba kwa nguvu, si haya mafua tuliyoyazoea ya wakati wa baridi, na watoto wadogo ndio wanaolazwa. Zahanati italetewa chanjo kwa walio chini ya miaka mitano, kwa hiyo wetu wote wawili wamo. Kila mtoto anachomwa mara mbili, wiki nne katikati. Wanaanza tarehe 15.

Unamjua Denis. Alizaliwa njiti, na mwaka jana nimonia ilimlaza siku tisa. Nikifikiria mafua ya namna hiyo yakiingia kwenye kifua kile, naweka chaki chini na kukaa.

Lakini wewe ndiye unayekaa nao. Wewe ndiye unayewaona. Nimeona nikuachie uangalie mwenyewe kama inafaa, na utakaloamua ndilo hilo.

Nibusie wote wawili.

Mkamwana wako,
Yuditha


Mamba,
17 Mei 2025

Mama Aika,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 4 nimeipokea tarehe 13 kwa mkono wa Julius. Inanuka maziwa lakini inasomeka.

Hapa wote wazima. Mama yako mkwe anasumbuliwa na goti lilelile na anakataa kupumzika, kama kawaida yake. Masika imekuwa nzuri kupita kiasi. Mfereji umebomoka huko juu, tukaenda wanaume kumi na wawili kuuziba. Waliofanya kazi ni watano. Saba walikuwa wanatoa ushauri.

Kahawa imeshika vizuri. Mahindi ya Kahe tumeyapalilia mara ya pili. Ng'ombe ana mimba ya miezi saba, na safari hii naona dalili za jike. Aika anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na nne haipendi, anairuka. Denis anakula. Jana alimaliza sahani mbili za machalari, akadai na ndizi zilizobaki kwa Bibi yake. Kofia hajarudisha. Mimi natembea kichwa wazi katika baridi hii na watu wananiuliza kama nimefiwa.

Kuhusu paa la jiko lililokuwa linavuja, tumebadilisha mabati mawili. Kuhusu uhamisho wako, andika tena, na nakala ubaki nayo. Nilikuwa karani wa chama cha kahawa miaka ishirini na sita. Barua isiyo na nakala ni porojo.

Kuhusu lile jambo lingine, nimelisoma.

Vaa sweta, hata kama huko ni vumbi.

Mimi baba yako,
Ndelilio


Tunduru,
1 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi mzima. Habari ya wale wanaume saba wa ushauri niliwasomea walimu wenzangu ofisini, tukacheka mpaka kengele ikagongwa. Calvin ameshavuka mpaka. Hizo ndizo salamu.

Sasa nikuulize: "nimelisoma" ndiyo nini? Nakuandikia habari za kifua cha mwanangu, wewe unanijibu mabati!

Jana nilikwenda mjini nikampigia Mama. Nikamuuliza, watoto wamechanjwa? Akasema, "Muulize baba yako habari za ndama." Nikamuuliza ndama gani tena, akadai ana maziwa motoni yanataka kufurika, akakata.

Nikampigia Justina. Ananiambia chanjo ziko kwenye jokofu tangu tarehe 15 na kina mama hawaji. Ukimuuliza mmoja anakujibu, "Mzee Ndelilio alichanja ndama, ndama akafa. Na wajukuu zake mwenyewe amewakatalia." Baba, kumbe Mamba nzima inakutazama wewe! Chekechea imefungwa. Mtoto wa jirani yenu Pamela yuko hospitali siku ya sita, anapumulia mashine ya oksijeni. Hiyo habari ya ndama niliikuta nilipoolewa, nikaichukulia ni mazungumzo tu ya wazee wakishakunywa mbege.

Calvin naye nilimwandikia ujumbe nikamwomba aseme neno. Amejibu, "Msikilize Mzee." Asante sana, Calvin.

Nimekasirika. Sijui mkamwana anamkasirikiaje baba mkwe wake kwa adabu, kwa hiyo nasema tu hivyo hivyo. Lakini na la kwangu nilitoe. Nilipokuandikia kwamba utakaloamua ndilo hilo, haikuwa heshima, Baba. Ulikuwa woga. Mimi mwenyewe niliiogopa sindano ile. Nikaona ukiamua wewe, kisha Denis akapata lolote, nitakuwa na mtu wa kumlaumu. Nimejionea aibu wiki nzima.

Sasa nasema mwenyewe, mama yao: nataka wanangu wachanjwe. Wote wawili. Tafadhali, Baba.

Yuditha


Mamba,
11 Juni 2025

Mama Aika,

Marahaba. Wote hawajambo.

Ndama alichanjwa, siku ya tano akafa. Hilo kila mtu hapa analijua. Wala sikumkataza mtu kwenda zahanati. Watu wana miguu yao.

Mama yako mkwe hasemi nami tangu ulipopiga simu. Ananiwekea chakula mezani anaondoka. Uji wa leo haukuwa na sukari, na sukari ipo, nimeiona.

Nakuomba siku chache.

Ndelilio


Mamba,
Jumatano, 18 Juni 2025

Mama Aika,

Marahaba, na safari hii salamu ni fupi, maana nikianza na mfereji sitafika.

Nakueleza habari ya ndama. Barua hii usiwasomee walimu wenzako. Au wasomee. Nimechoka kuificha.

Mwaka 2019 nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wafugaji. Majani tunayopandisha kutoka huko chini huja na kupe, kupe wanaleta ugonjwa wa ndigana, na ndama walikuwa wanakwisha. Fabian, bwana mifugo, akakubali kuja kuchanja. Lakini chanjo ile huletwa imegandishwa, mrija mmoja ni wa ndama arobaini, na ikishayeyuka haingoji kesho. Fabian akasema niandikishe arobaini. Nilizunguka nyumba kwa nyumba wiki mbili na daftari langu. Nikapata thelathini na tisa. Wa arobaini alikuwa wangu.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama yako mkwe alimshika ndama masikio, akaniambia, "Huyu ana homa. Na hajanyonya." Nikamjibu kwamba alilala karibu na jiko. Nikampeleka.

Fabian aliuliza mbele ya watu wote, "Kuna ndama mwenye homa? Ndama mgonjwa hachanjwi, mniambie sasa." Mimi nilikuwa nimesimama na daftari mkononi, arobaini wametimia. Nikajisemea, nikifungua mdomo, watu thelathini na tisa watarudi na ndama wao na mimi nitaitwa katibu wa maneno matupu. Nikanyamaza. Ndama alikuwa na ndigana mwilini tayari. Akafa. Wale thelathini na tisa walipona wote, na majike yao yameshazaa, lakini hao hakuna anayewataja.

Watu waliponiuliza, nikasema ni sindano ya Fabian. Nililisema mara moja tu, nje ya kanisa, wakati wa mnada wa matoleo, kwa hasira. Baada ya hapo sikuhitaji kulisema tena, lilijisema lenyewe. Watu wakaacha kumwita Fabian. Akahamishia kazi yake Kahe.

Kwa hiyo ulipoandika habari za chanjo, sikuogopa sindano, Mama Aika. Niliogopa kwamba nikionekana zahanati na wajukuu, mtu ataniuliza, "Na yule ndama, Mzee?" Kwa sababu ya hilo nimemwacha Denis bila kinga mwezi mzima. Nimeliandika, ndivyo lilivyo.

Leo asubuhi nilivaa koti la ibada. Mama yako mkwe akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaenda kuvaa kitenge chake bila kuuliza. Denis nikambeba mimi, maana lile goti. Zahanati tulikuta kina mama tisa kwenye benchi la nje, wamekuja kupima watoto uzito tu.

Justina akachukua kadi za watoto, akauliza, "Kuna mwenye homa leo? Mwenye homa kali hatumchomi, tunangoja apone."

Maneno yaleyale! Denis tangu jana jioni alikuwa anajishika sikio na mwili una moto. Nilijua. Bibi yake alijua. Nilijua pia kwamba akirudishwa, wale tisa kwenye benchi watasema, mmeona, hata Mzee amerudi na mtoto wake. Na mafua yako nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilitaka achomwe leo leo, yaishe. Mdomo ulikuwa tayari kusema hakuna.

Nikasema, "Denis ana homa."

Na kwa vile nilikuwa nimeshaanza, nikageukia benchi nikawasimulia habari yote ya ndama kama nilivyokuandikia wewe, na masikio yake, na jiko. Nilisema nimesimama. Eunike wa kule juu akaniuliza, "Miaka sita yote hiyo, Mzee?" Nikamwambia, miaka sita yote hiyo. Mama yako mkwe alikuwa anatazama sakafu. Tulipotoka akanishika mkono mpaka barabarani, kitu ambacho hajakifanya tangu Calvin yuko shule ya msingi.

Aika alichomwa. Alilia kidogo, akapewa pamba aishike mwenyewe, akanyamaza. Denis alipimwa: nyuzi thelathini na tisa. Sikio lina usaha. Amepewa dawa ya siku saba na tumeambiwa tumrudishe homa ikiisha. Hakuchanjwa.

Barua hii siifungi. Nitaiendeleza akichanjwa.

Naendelea, Ijumaa, 27 Juni.

Siku tisa hizi usiniulize. Tulijifungia. Mama yako mkwe amemkataza hata Julius kuingia uani, maziwa anayachukulia getini. Kila Denis akipiga chafya, tunasimama wote wawili. Jumapili hatukwenda kanisani. Niliimba mwenyewe mezani, Aika akanicheka, akasema Babu anaimba kwa kukohoa, Bibi yake akanipima homa hapohapo.

Jumatatu nilitoka mara moja tu. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo kama walivyofanya baba zetu wakienda kuomba msamaha, nikateremka Kahe. Nilimkuta Fabian zizini, gambuti zimejaa tope. Alilitazama lile jani muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu ya pili. Isale halikataliwi, unajua, hata mtu akitamani kulikataa. Akalipokea. Kisha akasema, "Mzee, ungeniambia tu. Hata kwa thelathini na tisa ningefungua ule mrija."

Hebu fikiria. Hata kwa thelathini na tisa angefungua. Nimepanda mlima mzima nikilirudia neno hilo. Nilipofika, Mama yako mkwe alinimwagia maji na sabuni nje kabla hajaniruhusu kuingia.

Homa ya Denis iliisha Jumanne. Justina akataka tungoje siku mbili zaidi, tukangoja. Leo saa tatu asubuhi amechomwa pajani. Alipiga kelele zahanati nzima ikasikia, halafu akadai ndizi. Mchana amelala, amekula, anamfukuza kuku. Mwili hauna moto. Nimemshika mara nne, mara ya nne akanipiga.

Foleni leo ilifika barabarani, Justina hakuwa na nafasi hata ya kunisalimu. Eunike alileta wake watatu. Mtoto wa Pamela ametoka hospitali, amekonda lakini anatembea. Dozi ya pili ya Aika ni tarehe 16 Julai, ya Denis ni tarehe 25. Nimeziandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Nilimwomba Mama yako mkwe asikuwekee ujumbe kwenye simu. Nilitaka ulipate kutoka kwangu, kwa mwandiko wangu. Kama nimekuweka roho juu siku zote hizi, nisamehe na kwa hilo.

Mimi baba yako,
Ndelilio


Tunduru,
8 Julai 2025

Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena, na ya tatu mpe Mama pamoja na asante kwa yale maji na sabuni.

Kuhusu ndama sina la kukuhukumu. Wewe ulinyamaza mbele ya Fabian, mimi nilijificha nyuma yako. Ila nikwambie ukweli, niliposoma kwamba ulimwacha Denis mwezi mzima kwa sababu ya aibu, niliumia, na bado naumia kidogo. Itapita. Mtu aliyesema "Denis ana homa" mbele ya benchi lile, na huku anatamani kusema hakuna, namwachia wanangu bila wasiwasi. Ningemsomea Calvin kipande hicho kwenye simu leo leo, ila mtandao bado hakuna. Nitamsomea mwisho wa mwezi, na yeye ndiye atakayenisikiliza mimi safari hii.

Barua yako imefika leo saa nne. Niliifungua nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, chaki mkononi, darasa linaningoja. Nilipofika kwenye "Hakuchanjwa" nikaikunja. Sikuweza. Nikatembea mpaka bombani nikarudi. Nikaikunjua tena, na unisamehe, Baba, sikuisoma kwa mpangilio. Kanisa nikaliruka, Kahe nikairuka, Fabian na jani lake nikawaruka, natafuta jina la Denis tu. Nikaona "amechomwa". Nikaona "anamfukuza kuku".

Nililia, Baba. Si kilio cha adabu, kilio cha msibani kabisa, mpaka wanafunzi wakatoka madarasani. Walimu wakaja mbio. Mkuu wa shule akaniletea kiti chake mwenyewe, akanikalisha, akaniuliza polepole, "Pole sana, mwalimu. Ni nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki. Ni wanangu, wamechanjwa wote wawili.

Akanitazama, akaitazama barua. Halafu akachukua ile chaki mkononi mwangu, akasema, "Basi lia mpaka umalize. Hesabu nitafundisha mimi."

Yuditha